Mtani alivyoniigiza napiga gitaa msibani Kiriba, na mimi nikabaki sielewi

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mjini na wa kando ya ziwa.

Juzi nimeona kijana mmoja humu anauliza: "Najifunza gitaa, kila mtu ananiambia niko vizuri, mbona nyimbo hazikai?" Nilicheka peke yangu mpaka mama watoto akauliza kuna nini. Swali hilo hilo mimi nililibeba zaidi ya miaka thelathini iliyopita, tena kwa uchungu.

Ninachosimulia kimenitokea mimi, sio "rafiki yangu mmoja". Anayedhani hii ni chai, alete maandazi tunywe wote.

Uzi ni mrefu kidogo, tuvumiliane.

Nimezaliwa Kiriba, Musoma Vijijini. Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu. Kwa wasiojua, padri alikuwa anakaa mbali na anakuja mara moja moja, kwa hiyo siku nyingine zote katekista ndiye anaongoza ibada, anafundisha watoto wa komunyo, anazika na anasuluhisha ndoa.

Mzee alikuwa mkali. Hapigi mtu wala hatukani mtu, lakini akikutazama tu unaanza kujikagua vifungo vya shati. Kijiji kizima kilimheshimu, na heshima yenyewe ilikuwa na woga ndani yake.

Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Wenye umri wangu wanaikumbuka hali ilivyokuwa. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, shati la Jumapili mnapokezana ndugu wawili, huyu ibada ya kwanza na yule ya pili.

Nilimaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Nyumbani hakuna aliyenisema, lakini nilikuwa naonaga watu wakinitambulisha kwa wageni wanaishia kwenye jina tu. Mtoto wa katekista, amefeli, anavuta nyavu. Iliniuma sana.

Mjomba wangu wa Kabasa, pale Bunda, akanihurumia. Akanipa gitaa lake kuukuu, gitaa kavu, lile lisilotumia umeme. Akanionyesha chord tatu, yaani mikao mitatu ya vidole, C, F na G, akasema hizo zinatosha kwa nusu ya nyimbo za kanisani.

Baba alipoliona alisema neno moja tu.

"Hicho ni chombo cha vilabuni. Siku ukinitia aibu nacho, kinarudi Bunda."

Basi.

Nyuzi zenyewe sasa. Madukani hakuna. Uzi wa kwanza na wa pili nilifunga nailoni ya kuvulia samaki. Wa nne ulikuwa waya uliochomolewa kwenye kebo ya breki ya baiskeli. Baiskeli ya nani? Msiniulize. Niseme tu kwamba kuna katekista mmoja breki yake ya nyuma ilianza kulegea mwaka huo, na hakuwahi kuuliza kwa nini.

Nilijifunza kwa vidole kuchanika. Baada ya miezi kadhaa nikaingia kwaya ya kigango. Mwalimu wa kwaya alikuwa Mwalimu Wambura, mtu wa upande wa Butiama, aliyekuwa anafundisha shule ya msingi pale kijijini. Mtu mpole sana, sauti nzuri, anaandika nyimbo mwenyewe.

Kila nikimaliza kupiga, Mwalimu Wambura ananishika bega na kuniita mura, yaani kijana, kwa lugha ya kwetu. "Safi sana, mura."

Mama yangu: "Umepiga vizuri mwanangu."

Wanakwaya: "Unajitahidi, unajitahidi."

Na mimi nikaamini. Kwa nini nisiamini? Watu wote hao watakuwa waongo?

Lakini kulikuwa na kitu sikielewi. Kwaya ikiimba na ngoma peke yake, inatembea vizuri. Nikiingia mimi na gitaa, inaanza kuyumba. Sauti ya kwanza inatangulia, ya pili inabaki nyuma, mpiga ngoma ananitazama mimi, mimi namtazama Mwalimu, Mwalimu anatazama karatasi. Wimbo ukiisha: "Safi sana, mura."

Nikawa najiuliza, kama mimi niko safi, anayeharibu ni nani? Nikaanza kumshuku mpiga ngoma. Mungu anisamehe, nilimchukia yule kaka wa watu bure.

Katikati ya hali hiyo ikaja habari kubwa. Kijana wa kigango chetu anapewa upadri, na misa yake ya kwanza ataisoma nyumbani, Kiriba. Wageni watatoka Musoma mjini, Bunda, Butiama, kila mahali. Mwalimu Wambura akatunga wimbo mpya wa matoleo kwa ajili ya siku hiyo. Akaniandikia maneno na chord kwenye karatasi ya daftari, akasema nianze mimi kwanza kabla kwaya haijaupata.

Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, huku anatazama pembeni, kwamba kuna mpiga gitaa wa Musoma mjini ambaye wanaweza kumwazima. Kamati ya kwaya itanisikiliza wiki moja kabla ya misa, ndipo iamue.

Nikazidi kuchanganyikiwa. Mtu uliye safi sana unatafutiwa mtu wa kuazima?

Wakuu, kwangu mimi hilo halikuwa jambo dogo. Wakimleta yule wa mjini, baba atakuwa amepata sababu yake, gitaa litarudi Bunda, na mimi nitarudi kuwa yule aliyefeli. Sikuwa na kingine cha kujivunia duniani.

Sasa aingie mtani.

Ukoo wetu na ukoo wa mama mmoja aliyeolewa pale kijijini, Mama Bwire, ni watani wa tangu zamani. Mnajua utani ulivyo. Mtani anakuambia chochote, mahali popote, na huruhusiwi kukasirika. Unajibu kwa utani au unacheka. Na sisi vijana tulikuwa na kanuni yetu nyingine ambayo hakuna aliyetufundisha: maneno ya mtani yanaingilia sikio hili, yanatokea la pili. Mtani hachukuliwi serious.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa langu.

Mama Bwire alikuwa anaanika dagaa mwaloni, pale boti zinapofikia. Mwanamke mnene, sauti kama ya spika ya mkutano. Jumatatu moja napita na nyavu begani, akaniita mbele ya watu wote.

"We mtoto wa katekista! Jana ulikuwa unapiga gitaa ama unachambua mchele? Unapigaga kidogo, unasimama, unatoa jiwe, unaendelea!"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikajibu inavyotakiwa: "Na wewe dagaa zako zina mchanga, walaji wote wa Musoma wamevunjika meno!" Tukacheka, nikapita. Sikufikiria hata sekunde moja kwamba nimeambiwa kitu.

Wiki mbili baadaye akafariki mzee mmoja wa ukoo wetu. Kama ada, watani wakaja msibani kufanya kazi yao. Wanamwigiza marehemu anavyotembea, wanajilaza njiani jeneza lisipite mpaka wapewe chochote, wanawachekesha wafiwa ili wasife kwa kilio. Mama Bwire alikuwa bingwa wa hiyo kazi.

Siku ya pili, watu tumekaa uani, Mama Bwire akatoka jikoni ameshika ungo na mwiko. Ungo ameubana tumboni, mwiko ameuchomeka pembeni kama shingo ya gitaa. Kabla hajafungua mdomo watu wakaanza kunigeukia.

Akaanza kuimba huku anakwangua ungo. Kwangu kwangu, kwangu kwangu. Akafika mahali, akasimama ghafla. Mkono wa kulia ukaganda hewani. Akainama akavitazama vidole vyake vya kushoto, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akavipanga kimoja kimoja. Waombolezaji wote wamekaa kimya wanamsubiri. Akavitazama tena. Halafu: "Haya, twendeni!" Kwangu kwangu, kwangu kwangu.

Mjane mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Mama Bwire akasimama wima, akatangaza: "Huyu akifikaga kwenye kona anashukaga kwenye baiskeli, anasukuma, anapanda tena! Na kwaya nzima imepakiwa huko nyuma!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mtani hakasirikiwi, najua, lakini nilikasirika. Nilinyanyuka nikaondoka msibani, jambo ambalo ni aibu kuliko lile gitaa.

Njiani ndipo akili ikanirudia, nikasimama katikati ya barabara.

Ule wimbo aliouimba. Ulikuwa wimbo wa matoleo wa Mwalimu Wambura. Kwaya ilikuwa haijaanza kufundishwa. Duniani tulikuwa tunaujua watu wawili, na mimi nilikuwa naupigia chumbani kwangu tu. Na pale alipoganda ni pale pale ninapogandaga mimi, ubeti wa pili, penye neno "mikono", ninapotoka C kwenda F.

Mwenye kujua gitaa anaijua F. Kidole cha kwanza lazima kilale juu ya nyuzi, na kwa mwanafunzi kidole hicho hakilali, kinagoma.

Sasa huyu mama amejuaje? Mwaloni na kwetu ni mwendo wa nusu saa. Nikamwendea Mwalimu Wambura, nikamuuliza kama amempa mtu ule wimbo. Akaapa hajampa mtu. Nikamuuliza, je, ni kweli nasimamaga? Akatabasamu. "Mura, watani hao. Wewe unapiga vizuri tu."

Nikaondoka kama nilivyokuja.

Jioni nikamshtakia baba. Alikuwa amekaa sebuleni na kitabu chake cha ibada.

"Baba, Mama Bwire amenidhalilisha msibani."

"Mtani hakasirikiwi."

"Najua baba, lakini..."

"Amesema nini hasa?"

"Amenifanya kichekesho mbele ya..."

"Sijauliza hilo. Amesema nini? Rudia maneno yake."

Nikarudia yote, ya kona na ya baiskeli. Baba akasikiliza mpaka mwisho, kidole kwenye ukurasa.

"Basi? Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Akaonekana hajaridhika. Akarudi kwenye kitabu, mimi nikatoka na hasira zaidi. Nilijiambia, mzee anafurahia. Anakusanya ushahidi wa kulirudisha gitaa Bunda.

Siku tatu baadaye napita mwaloni, nimeinamisha kichwa nisionekane. Hola, Mama Bwire ameshaniona.

"We mume wangu! Msibani nilisahau kukwambia! Mkono yako ya kulia inasubiriga ya kushoto kama mwanaume anayesubiri ugali. Mkono ya kulia ifanye kazi! Ya kushoto ikichelewa itajijua!"

Nikaongeza mwendo.

Nikatafuta wa kumlaumu, nikampata: nyuzi. Nani anaweza kupiga F juu ya nailoni ya samaki na waya wa breki? Na wakati huo mambo yalikuwa yameanza kufunguka. Ndio ile ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje inaanza. Mitumba imefika, sabuni za rangi rangi zimefika, wafanyabiashara wa Bunda wanaleta vitu ambavyo sisi tulivisikia kwa jina tu. Mjomba akatuma salamu kwamba nyuzi za gitaa zinapatikana pale mjini.

Nikabeba mfuko wa dagaa wakavu, nikaenda Kabasa. Mjomba akanisaidia kupata seti nzima. Nyuzi sita, za kampuni moja, zinang'aa! Nilizinusa wakuu. Tukazifunga, tukatyuni, nikampigia mjomba wimbo mmoja.

"Hapo sasa!" mjomba akasema. "Kama redioni!"

Nilirudi Kiriba najiona nimepona. Jumapili nikapiga kwa nguvu zote. Gitaa lililia mpaka nje. Kwaya ikayumba kuliko siku zote.

"Safi sana, mura."

Nje ya kanisa Mama Bwire alikuwa amesimama na kanga yake ya Jumapili. Hakupaza sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Umebadilisha kengele, mtani. Ng'ombe ni yule yule."

Nilikwenda kukaa kwenye miamba ya ufukweni mchana wote. Nyuzi mpya, kosa la zamani. Sina tena wa kumsingizia. Watu kumi wananiambia nzuri, mmoja ananiambia mbaya, na huyo mmoja ni mtu ambaye kazi yake ni kunitania. Nimwamini nani? Kichwa kilikuwa kinauma kweli, sio maneno ya kusema.

Mwishowe nikajiambia, hebu nifanye kama huyu mama ni mwalimu. Kwa siku moja tu. Nijaribu matusi yake kama vile ni maelekezo, nione.

Amesema mkono wa kulia usisubiri. Haya. Nikarudi chumbani, nikachukua gitaa, nikaanza kukwangua nyuzi taratibu, huku napiga mguu chini na kandambili, moja mbili tatu nne. Nikajiwekea sheria: kidole cha F kifike kisifike, mkono wa kulia hausimami.

Mara ya kwanza ikatoka sauti kama mtu anagonga kopo. F haikuwepo kabisa. Lakini mkono uliendelea, na nilipofika G nilikuwa bado niko na mguu wangu. Wimbo haukukatika.

Nikarudia. Nikarudia tena. Nikaanza kuona kitu ambacho kwa mwaka mzima sikukiona: kweli nilikuwa nasimama. Kila chord. Nilikuwa sisikii kwa sababu wakati nimesimama, kichwani mwangu wimbo ulikuwa unaendelea. Wengine ndio walikuwa wanabaki hewani.

Mpiga ngoma, kaka yangu, popote ulipo, nisamehe.

Nilifanya hivyo kila siku chumbani, C kwenda F, F kwenda C, mpaka mama akawa anaimba hizo chord mbili akiwa anapepeta.

Nikapita tena mwaloni, safari hii kwa makusudi. Nataka kusikia.

"Sasa unakimbia kama umeiba kuku!" Mama Bwire akapiga kelele. "Nani anakufukuza? Wamama wanapeleka matoleo na vikapu kichwani, unataka waanguke?"

Ya kona hakuisema tena. Nilishtuka. Hakunisifu, lakini lile kosa lilikuwa limetoka kwenye orodha, limeingia jipya. Na jipya lenyewe lilikuwa kweli, maana kwa kuogopa kusimama nilikuwa naharakisha. Lakini amenisikia wapi? Tangu nianze zoezi nilikuwa sijapiga nje ya chumba changu.

By the way, kuna wakati niliwaza ushirikina kabisa. Mtoto wa katekista! Nilikagua hata chini ya kitanda.

Ikafika siku ya kamati. Kwaya nzima ipo, Mwalimu ameshawafundisha wimbo bila gitaa, wazee wanne wa kamati wamekaa benchi la mbele. Nikapiga wimbo wa matoleo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mguu chini, mkono unaenda. F moja ilikwaruza lakini hatukusimama.

Tukamaliza. Nikasubiri.

Kimya. Hakuna "safi sana". Hakuna "unajitahidi". Mwalimu Wambura akafungua ukurasa mwingine. "Haya, tuingie wimbo wa kutoka."

Niliona nimekwisha, kumbe hata ile huruma ya kunisifu wamechoka nayo. Nilienda nyumbani sikula.

Kesho yake nikasikia kwamba yule wa Musoma hakuitwa. Kamati wala haikujadili. Nilimuuliza mwanakwaya mmoja mbona jana hakuna aliyesema kitu, akanishangaa. "Tuseme nini? Si tuliimba?"

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa kitu kimoja katika kisa hiki chote. Siku zote zile watu walikuwa wananipa pole, mimi nikazipokea kama hongera.

Siku ya misa kanisa lilijaa mpaka watu wanachungulia madirishani. Padri mpya analia, mama yake analia. Ukafika wakati wa matoleo. Wamama wakaanza kupanda na vikapu vya mihogo, viazi, samaki, mmoja ameshika jogoo. Ubeti wa pili, neno "mikono", kidole changu kikateleza. F haikutoka. Mkono wa kulia ukaendelea na safari, kwaya ikapita juu yake, wamama wakaendelea kucheza taratibu kuelekea altareni. Sidhani kama kuna mtu aligundua.

Baba alikuwa amesimama karibu na altare na kanzu yake nyeupe. Nilimtazama. Uso haukuwa na kitu.

Baada ya misa hongera zilikuwa nyingi. Nilizipokea zote na sikujua niiamini ipi.

Jumatatu yake nikachukua sato mkubwa kutoka kwenye boti, nikampelekea Mama Bwire mwaloni. Nilimkuta anageuza dagaa.

"Shikamoo mama. Leo sijaja kwa utani. Nimekuja kushukuru. Umenifundisha gitaa."

Akanitazama, akamtazama sato, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mimi? Mimi najua nini ya gitaa? Hata nyuzi zake sijui ziko ngapi!"

"Lakini kila ulichosema kilikuwa kweli."

"Nilikuwa natumwa, mtoto wewe."

"Na nani?"

Akafuta machozi ya kicheko na ncha ya kanga. "Na huyo mnayeogopaga kukohoa mbele yake. Kila Alhamisi akienda kuona wagonjwa anapitaga hapa, anasimamisha baiskeli. Ananiambia, mtoto anasimama akibadilisha. Mwambie. Ananiimbia na wimbo wenyewe, polepole, mpaka naushika. Mimi kazi yangu kutafuta maneno ya kukuuma tu. Siku ya msiba nilisahau ile ya mkono wa kulia, alirudi akanigombeza!"

Chumba changu na sebule ya baba vilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Wakati wote ule mimi nadhani anasoma.

"Kwa nini asiniambie mwenyewe?"

"Akuambie yeye?" Mama Bwire akaacha kucheka. "Baba yako akikwambia umekosea, wewe ungeacha kosa ama ungeacha gitaa?"

Akanyanyuka, akarudi kugeuza dagaa zake.

"Na Mwalimu hawezi. Kwaya hawawezi. Nani amwambie mtoto wa katekista kwamba anaharibu misa? Alijua hilo. Ndio maana akaja kwa mtani."

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko siku zote. Nilitembea ile nusu saa bila kuona njia. Mtu aliyesema gitaa ni chombo cha vilabuni. Mtu niliyemwona kama adui wa kitu pekee nilichokiweza.

Nikamkuta uani anatengeneza mguu wa kiti.

"Baba, nimetoka kwa Mama Bwire. Ameniambia."

Hakuinua kichwa. "Mtani hasemagi ukweli."

Nikasimama pale. Nilitaka kumuuliza mambo mengi, sikujua nianze na lipi. Akagonga msumari, akaujaribu kwa kidole, akagonga tena. Nikageuka niende zangu.

"Ubeti wa tatu," akasema nyuma yangu, "uliwahi kidogo."

Nikageuka. Bado anatazama kiti.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, wakuu. Sikuwa nimeumia. Ilikuwa mara ya kwanza baba kuniambia kitu bila kukipitisha kwa mtu mwingine, na alikuwa sahihi. Ubeti wa tatu niliuwahi.

Habari ya gitaa kurudi Bunda haikuzungumzwa tena nyumbani.

Kitu ambacho sijakielewa mpaka leo ni wapi mzee alijifunzia kusikia vile. Sijawahi kumwona ameshika chombo chochote. Mama hakuwahi kusema, na nilipopata ujasiri wa kuuliza, mwenye jibu alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Labda alikuwa na masikio tu. Labda alikuwa anampenda mwanawe na akakaa kusikiliza mpaka akajua. Sijui.

Kwa yule kijana aliyeuliza: pongezi zinatia moyo, ila hazikuonyeshi mahali penye kosa. Siku hizi mna simu, jirekodi usikie mwenyewe. Lakini tafuta pia mtu mmoja asiyekuonea haya, na akikuambia kitu kinachouma, kijaribu kwanza siku moja kabla hujakasirika. Usiulize "vipi, iko poa?" Uliza "nimeharibu wapi?"

Na ninyi wengine, kama uliwahi kuambiwa ukweli kwa mdomo wa mtu aliyetumwa, na ukaja kugundua aliyemtuma, tiririka hapa chini. Mimi bado natafuta wa kunisaidia kuelewa wazee wetu walikuwa watu wa namna gani.